Maswali ya Wasomaji: Chuma kimejaa udongoni, mbona bakteria wana njaa nacho?

*Shikamoo Mwalimu. Nafundisha biolojia sekondari. Toleo lililopita uliandika kwamba bakteria wengi wa udongoni huishi na njaa ya chuma. Niliwasomea wanafunzi wangu, wakanibana. Wanasema udongo mwekundu ni mwekundu kwa sababu ya chuma, na hilo liko kitabuni. Sasa njaa inatoka wapi? Nisaidie nipate la kuwajibu.*
— Mwalimu wa biolojia

Marahaba mwalimu mwenzangu. Wape wanafunzi wako haki yao: chuma kipo, tena kingi mno. Ni karibu asilimia 5 ya uzito wa ganda la dunia, na katika elementi zote za ganda hilo zinazokizidi ni tatu tu, yaani oksijeni, silikoni na aluminiamu. Ghala limejaa. Mlango ndio umefungwa, na aliyeufunga ni oksijeni.

Chuma hupatikana udongoni katika hali mbili. Kuna kilichopoteza elektroni mbili na kuna kilichopoteza tatu. Maabarani tulizoea kusema kwa mkato "chuma mbili" na "chuma tatu", nami nitaendelea hivyo. Chuma mbili huyeyuka vizuri katika maji. Ila kikikutana na hewa, katika udongo usio na asidi nyingi, hakidumu. Hupoteza elektroni ya tatu, kikashikamana na oksijeni na maji, kikawa kutu. Wekundu mnaouona shambani ni kutu iliyosagika laini kuliko unga. Bakteria amezungukwa nayo pande zote na hawezi kuila, kama vile wewe usivyoweza kujitibu upungufu wa damu kwa kulamba bati.

Waambie wanafunzi wakokotoe hesabu hii ubaoni, maana wakisikia tu hawataamini. Katika maji yaliyopata hewa, yasiyo asidi wala alkali, ioni huru za chuma tatu ni takriban mole 10⁻¹⁸ kwa lita. Mole moja ni chembe 6 × 10²³. Wakizidisha watapata ioni kama 600,000 katika lita nzima. Sasa seli moja ya bakteria, ili igawanyike ziwe mbili, hutaka atomi za chuma kati ya 100,000 na 1,000,000. Lita nzima ya maji, basi, kwa ajili ya bakteria mmoja kuzaa mara moja! Na katika kijiko cha udongo wenye rutuba wamo mamia ya mamilioni.

Kuna watakaouliza kwa nini viumbe vilijifunga kwa elementi ngumu kiasi hicho. Jibu liko nyuma sana. Kabla ya oksijeni kujaa hewani, takriban miaka bilioni 2.4 iliyopita, chuma kilikuwa kikielea baharini katika hali ya chuma mbili, cha bure kwa kila mwenye kukihitaji. Uhai ulijenga mitambo yake ya kupumua na ya kuvunja chakula juu ya chuma hicho. Oksijeni ilipokuja, mitambo ilikuwa imeshajengwa na malighafi ikageuka kutu.

Hata leo utaiona hali ya zamani ukichimba udongo uliokaa chini ya maji muda mrefu. Hauwi mwekundu, huwa wa kijivu unaoelekea rangi ya bluu. Humo oksijeni imekwisha, na bakteria kama Geobacter wanapumua kwa kumtwika chuma tatu elektroni zao, hivyo kukirudisha kuwa chuma mbili. Huko chuma kinaweza kuzidi hadi kuidhuru mimea. Njaa ninayoisema mimi ni ya udongo unaopata hewa.

Bakteria anaufungua mlango huo kwa molekuli ndogo anazozitengeneza na kuzitoa nje ya mwili wake. Zinaitwa siderofori, neno lenye asili ya Kigiriki likimaanisha mbeba chuma. Siderofori hutoka, ikatangatanga kwenye maji membamba yaliyo kati ya chembe za udongo, ikikuta chuma tatu hukikumbatia pande sita kwa mara moja. Mkumbatio huo ni mkali ajabu, unaweza kunyofoa atomi kutoka kwenye kipande cha madini. Kisha mzigo unarudi hadi kwenye ngozi ya bakteria. Kwa jamii ya Pseudomonas, ambao wana utando wa nje na wa ndani, mzigo huo ni mkubwa kuliko matundu ya kawaida ya utando wa nje, kwa hiyo kuna mlango maalumu wa protini unaoutambua. Mlango huo hauna nishati yake wenyewe. Nishati hutolewa utando wa ndani na kuvutwa hadi huko na protini iitwayo TonB, mfano wa mtu aliye chumbani anayevuta kamba ili lango la uani lifunguke.

Aina za siderofori zinazojulikana zimepita 500. Ya kwanza kutengwa ikafahamika vizuri haikutoka hata kwa bakteria, ilitoka kwa kuvu: ferikromu, aliyoieleza J. B. Neilands mwaka 1952. Na mojawapo ya bakteria wa udongoni, Streptomyces pilosus, ametupa deferoksamini, dawa wanayopewa wagonjwa waliojaa chuma mwilini kwa kuongezewa damu mara kwa mara. Kinachonyofoa chuma udongoni ndicho hicho kinachokitoa mwilini mwa mtu. Mimi hilo hunigusa kila nikilikumbuka.


*Mwalimu, majani machanga ya mimea yangu yamekuwa ya njano, mishipa imebaki ya kijani. Nimeambiwa ni ukosefu wa chuma. Nikizika misumari yenye kutu shinani itasaidia?*
— Mkulima wa bustani

Haitasaidia, ndugu yangu. Kutu ya msumari ni chuma tatu kilekile ambacho tayari kimejaa hapo chini. Utakuwa unaongeza magunia kwenye ghala ambalo ufunguo wake huna.

Dalili ulizoeleza zinafanana kweli na za chuma, kwa sababu chuma kikishaingia kwenye jani la zamani hakihami kwa urahisi kwenda jani jipya, ndiyo maana machanga huumia kwanza. Lakini kabla ya kununua chochote, pima pH ya udongo, yaani kipimo cha asidi na alkali. Ikiwa iko juu ya 7, au kama uliweka chokaa nyingi, hapo ndipo tatizo lilipo. Ukihitaji mbolea ya chuma, tafuta ile ambayo chuma chake kimeshikwa na molekuli ya kukibeba, na usome ni molekuli gani: iitwayo EDTA hukiachia chuma mapema udongo ukiwa na chokaa, wakati EDDHA hukishika hata pH ikiwa juu. Pia usimwagilie hadi udongo utuame maji, kwani mizizi isiyopata hewa haifanyi kazi yake.


*Mwalimu, mimi niko chuo cha ufundi wa maabara. Hizi siderofori zinaonekana kwa macho au ni za kwenye michoro tu?*
— Mwanachuo

Zinaonekana, na natamani ningekuwa na wewe siku utakapoziona mara ya kwanza.

Njia rahisi kuliko zote ni agari (ute mgumu wa kuoteshea bakteria) iitwayo King B, iliyotolewa mwaka 1954 na Elizabeth King na wenzake. Ina peptoni, gliseroli, fosfati na magnesiamu. Chuma hakiongezwi. Chora juu yake Pseudomonas wa udongoni, mwache siku moja au mbili, kisha zima taa na umulike sahani kwa miale ya urujuanimno. Utaona ung'avu wa kijani wenye unjano, umetoka kwenye mstari wa bakteria na kusambaa ndani ya agari mbele yao, mahali ambapo wao wenyewe hawajafika. Huo ung'avu ndio pioverdini, siderofori yao. Unaiangalia ikiwa safarini kutafuta chuma.

Sasa chukua kijiduara cha karatasi ya kuchujia, kichovye kwenye mmumunyo mwepesi wa kloridi ya chuma tatu, ukiweke katikati ya sahani nyingine kama ile kabla bakteria hawajaota. Kesho yake mulika. Pembeni pamewaka, kuzunguka karatasi ni giza. Giza hilo lina sababu mbili kwa pamoja: pioverdini ikishabeba chuma haing'ai tena, na bakteria walioshiba chuma huacha kuitengeneza. Nimewaonyesha wanafunzi wengi jambo hili na sijaona aliyeangalia mara moja akaondoka.

Njia ya pili ni agari ya bluu, iliyobuniwa na Schwyn pamoja na Neilands yuleyule, mwaka 1987, miaka 35 baada ya ferikromu. Rangi ya bluu inatokana na kitu kiitwacho kromu azuroli S kikiwa kimeshikana na chuma. Bakteria akitoa siderofori yenye nguvu zaidi, anakipokonya chuma, na rangi iliyonyang'anywa inageuka kuwa ya chungwa. Unapata pete ya chungwa kuzunguka kundi la bakteria kwenye uwanja wa bluu. Angalizo moja: ndani yake mna sabuni ambayo bakteria wengi wa Gram chanya, yaani wasio na utando wa nje, hawaivumilii. Usiyeona pete kwake huenda amekufa tu.

Na sasa sikiliza vizuri hili. Mwaka wangu wa pili kazini nilimwaga sahani 40 za King B kwa ajili ya vipimo vya mtafiti aliyekuwa akinitegemea. Bakteria waliota wakanona, hakuna hata sahani moja iliyong'aa. Nilirudia, hali ikawa ileile. Nilibadilisha peptoni, nikabadilisha bakteria, nikaanza kuamini kwamba taa imekufa. Wiki tatu zilipita. Mwisho tuligundua kwamba mtambo wa maji yaliyokenekwa ulikuwa umeharibika, na mtu alikuwa akijaza dumu kwa maji ya bomba, bomba lenyewe la chuma kuukuu. Maji yalionekana safi kabisa. Chuma kidogo kisichoonekana wala kuhisika ulimini kilitosha kuwanyamazisha wote.

Niliumia sana siku ile kwa ajili ya kazi ya watu iliyopotea. Lakini ndiyo siku niliyoelewa kwa dhati jinsi bakteria anavyokipima chuma kwa uangalifu kutushinda. Tangu hapo vyombo vyangu vyote vya glasi hulala usiku kucha kwenye asidi ya hidrokloriki, husuuzwa kwa maji yaliyoondolewa ioni, na kijiko cha chuma hakigusi chupa zangu. Fanya hivyo nawe.


*Mwalimu, kama siderofori inatupwa nje, jirani si ataichukua bure?*
— Msomaji wa siku nyingi

Ataichukua, na anachukua. Swali lako limewashughulisha watafiti miaka mingi.

Ndani ya aina moja ya bakteria huzuka wasiotengeneza siderofori lakini wana mlango wa kuipokea. Hawa hawatumii nguvu kutengeneza na bado wanakula. Griffin, West na Buckling walilionyesha mwaka 2004 kwa Pseudomonas aeruginosa: ikiwa watengenezaji na wasiotengeneza wako chombo kimoja, wasiotengeneza huongezeka wakiegemea jasho la wenzao, wakiachwa peke yao kwenye uhaba wa chuma, hawaendelei vizuri. Udongo, kwa bahati nzuri, haukorogwi kama chupa ya maabara. Umegawanyika vijishimo na vijichumba, na mara nyingi aliye karibu nawe ni ndugu yako wa kuzaliwa, kwa hiyo siderofori nyingi huishia kwa wa ukoo.

Wizi wa kati ya aina na aina upo pia. Bakteria wengi wana milango ya siderofori wasizozitengeneza wao, hata za kuvu. Dhidi ya wizi huo, kila ukoo wa Pseudomonas hubadilisha umbo la pioverdini yake na mlango wake pamoja, ili ya huku isiingie kule.

Mimea imenufaika na ugomvi huo. Mwaka 1980 Kloepper na wenzake walieleza katika jarida la Nature kwamba baadhi ya Pseudomonas wanaokaa kwenye mizizi huisaidia mimea kukua kwa sababu siderofori zao hukikusanya chuma chote kilicho karibu, na wadhuru wa mizizi hukosa. Mimea ya jamii ya nyasi nayo hutoa siderofori zake yenyewe mizizini, kwa hiyo usidhani mchezo huu ni wa bakteria tu.


*Shikamoo Mwalimu. Nafanya mradi wa mwaka wa mwisho juu ya Pseudomonas putida. Nimekwama. Nasoma kwamba bakteria akikosa chuma hupunguza mzunguko wa Krebs, ule mfululizo wa hatua za kuvunja chakula kupata nishati, kwa sababu vimeng'enya vyake vina chuma. Lakini malighafi za siderofori zinatoka kwenye mzunguko huohuo. Mtu anawezaje kupunguza kiwanda na papo hapo kuongeza bidhaa? Na ningependa kulipima hili kwa agari ya bluu, kwa glukosi na suksinati.*
— Mwanafunzi wa chuo kikuu

Marahaba mwanangu. Umeshika penyewe, na sitakujibu kwa haraka.

Anza na jinsi bakteria anavyojua kwamba chuma kimepungua. Ana protini iitwayo Fur. Fur ikiwa na chuma mbili mkononi hukaa juu ya DNA, mbele ya jeni za kutafutia chuma, na kuzizima. Chuma kikipungua ndani ya seli, Fur hubaki mikono mitupu, hushindwa kukaa pale, na jeni huwashwa. Kwa Pseudomonas amri ya kutengeneza pioverdini hupitia kwa msaidizi aitwaye PvdS. Ni lazima kuwe na breki hii, kwani chuma mbili kikizidi kikakutana na peroksaidi ya hidrojeni huzaa chembe kali zinazokata DNA na kuunguza protini. Bakteria hataki chuma kingi kuliko anachoweza kukishika. Kinachozidi hukifungia ndani ya ferritini, tufe la protini linaloweza kuhifadhi maelfu ya atomi.

Wanafunzi wengi huishia hapo: chuma kikipungua, siderofori huongezeka. Nusu ya pili ya habari ndiyo iliyonifanya niipende kazi hii. Fur ikiachia, huwashwa pia vipande vifupi vya RNA ambavyo havitengenezi protini yoyote. Kwa E. coli, bakteria wa utumbo, kinaitwa RyhB, walichokieleza Massé na Gottesman mwaka 2002. Pseudomonas ana vyake viitwavyo PrrF. Kazi yao ni kuzifuata RNA zilizobeba maagizo ya kutengeneza protini zenye chuma, kujipachika juu yake, na kufanya zivunjwe. Akonitesi, kimeng'enya cha mzunguko wa Krebs, inapunguzwa. Dehidrojenesi ya suksinati, yenye mafundo matatu ya chuma na salfa pamoja na hemu, inapunguzwa. Kimeng'enya cha kuzimia oksijeni kali kinachotumia chuma kinapunguzwa pia. Chuma kidogo kilichopo kinabaki kwa kazi ambazo bila hizo seli haiishi, kama kutengeneza viungo vya DNA.

Ni kama nyumba iliyopungukiwa: mwenye nyumba anatuma watu kutafuta, na hapohapo anapita chumba kwa chumba kuamua taa ipi izimwe. Zisizoweza kuzimwa anazibadilishia mafuta. Badala ya fumaresi yenye chuma, huitwa fumaresi C ambayo haihitaji chuma kabisa. Badala ya kimeng'enya cha chuma cha kuzimia oksijeni kali, huja cha manganisi. Palipokuwa na feredoksini kubeba elektroni, bakteria wengi huweka flavodoksini, ambayo hutumia kiungo kinachotokana na vitamini B2. (Bakteria wa ugonjwa wa Lyme, ambaye si wa udongoni, amefika mbali zaidi: mahali pengi chuma kingehitajika yeye hutumia manganisi.)

Hata vyombo vya kubebea hutumiwa kwa tabia tofauti. Enterobaktini ya E. coli hushika chuma kwa nguvu kiasi kwamba ili kukitoa, kimeng'enya huikatakata siderofori yenyewe. Ikishabeba mara moja imekwisha. Pseudomonas hufanya vingine. Chuma hutolewa kwenye pioverdini katikati ya tando mbili kwa kugeuzwa kuwa chuma mbili, ambacho pioverdini hukishika kwa ulegevu, halafu pioverdini ile ile hurudishwa nje ikabebe tena.

Sasa fumbo lako. Pioverdini ni mnyororo wa asidi amino 6 hadi 12 uliofungwa kwenye kiini kinachong'aa. Angalia ni asidi amino zipi: glutamati, aspartati, ornithini na wenzake. Glutamati na ornithini hutoka upande wa oksoglutarati, aspartati hutoka kwa oksaloasetati, na zote mbili ni za mzunguko wa Krebs. Kwa hiyo ni kweli, malighafi zinachotwa kwenye mtambo uleule unaokosa chuma.

Timu ya Ludmilla Aristilde ilichapisha jibu mwaka 2020, ikitumia kaboni 13, kaboni iliyo nzito kidogo kuliko ya kawaida, kufuatilia kila atomi ya chakula inakokwenda. Walichunguza aina tatu, nawe huenda unayo mmojawapo: P. putida KT2440, P. putida S12 na P. protegens Pf-5. Walichokikuta ni kwamba jibu linategemea bakteria amekula nini. Akila sukari kama glukosi, chakula huingia kwa mlango wa juu, na uhaba wa chuma ukibana, kinachofika kwenye mzunguko wa Krebs hupungua. Akila asidi za kikaboni kama suksinati, chakula huingia moja kwa moja ndani ya mzunguko. Sehemu yake hupanda juu kujenga sukari, sehemu hurejeshwa tena mzungukoni, hivyo mabirika ya malighafi hayakauki hata kama vimeng'enya vimepunguzwa. Wakiwa na chakula cha namna hiyo, uhaba wa chuma uliwafanya watoe siderofori hadi mara 3 zaidi, na kuchomoa chuma kutoka kwenye madini ya udongo hadi mara 6 zaidi. Walipopewa vyakula vya aina zote mbili kwa mpigo, njaa ya chuma iliwafanya wasile kwa usawa. Palikuwa na cha kwanza na cha kusubiri.

Ndiyo maana nakataa kusema kwamba bakteria "anapunguza kiwanda". Anapunguza idadi ya mashine, halafu anabadilisha njia ambayo mzigo unapita ili mashine zilizobaki ziwe mahali panapohitajika. Ukumbuke pia anaishi wapi. Mizizi humwaga sukari, na humwaga malati, sitrati na suksinati. Anayekaa ukingoni mwa mzizi ana vyakula vyote viwili mezani, na chuma kikipungua, uchaguzi wake wa chakula ndio unaoamua atachimba madini kiasi gani.

Kuhusu jaribio lako: linafaa, ila lina mtego. Pseudomonas putida akipewa glukosi huibadilisha nyingi kuwa asidi ya glukoniki nje ya utando wa ndani, na pH ya agari hushuka. Akipewa suksinati, pH hupanda. Rangi ya bluu ya agari yako hubadilika kwa pH hata bila siderofori yoyote. Unaweza kupata pete ya chungwa kwenye glukosi ukaiita siderofori kumbe ni asidi. Fanya mambo haya. Linganisha vyakula kwa idadi ya atomi za kaboni, maana glukosi ina sita na suksinati nne. Tia bafa ya kutosha, yaani kemikali ya kuzuia pH isibadilike. Chapa matone ya kiashirio cha pH pembezoni mwa pete kabla hujaandika namba. Kisha usitegemee agari peke yake: otesha kwenye mmumunyo, ondoa seli, rekebisha pH ya maji yaliyobaki iwe sawa kwa sampuli zote, na upime pioverdini kwa ung'avu wake, ukigawa kwa wingi wa seli. Wa suksinati na wa glukosi hawakui kwa kasi moja, na usipogawa utakuwa umepima ukuaji.

Vyombo, kama nilivyomwambia mwenzako hapo juu, vilale kwenye asidi usiku mzima. Weka na chupa moja yenye chakula bila bakteria hata mmoja, uipime pamoja na nyingine. Ikionyesha chuma, anza upya.